Njia ya Mwele

Kutoka Msambweni kwenda kununua machungwa Shimba Hills kuna njia fupi, inayopanda moja kwa moja kutoka pwani, na mjomba wangu hutumia hiyo miaka yote. Siku ile ya Agosti nilimwomba tuzunguke. Twende Ukunda, tufike Kombani, tupande Kwale, tuingie mbugani kwa geti kuu, tuukate msitu kwa barabara ya changarawe mpaka geti la Kidongo, halafu tutokee huko kwa wenye machungwa yao. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aende Likoni kwa kupitia Nairobi.

"Nilipe niingie Shimba? Kwani mimi mtalii?"

Nikamwambia kiingilio changu, mafuta yangu. Nilikuwa nimelipwa kwa makala fulani juma hilo, pesa kidogo, lakini zilitosha kumzungusha mzee mmoja na Probox yake. Akakubali kwa sharti moja: nikifika kwa machungwa, magunia nabeba mimi.

Sababu yangu ilikuwa Mwele. Nyumbani kwetu jina hilo nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na lilisemwa kwa ufupi sana: babu yake bibi alienda Mwele. Basi. Ukimuuliza bibi Mwele ni wapi, ananyoosha mkono upande wa milima. Ukimuuliza kulikuwa na nini, anasema vita. Mimi nikajazia yaliyobaki. Nilipofika mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisoma historia, niliandika pendekezo la utafiti kuhusu vita vya Mbaruk wa Gazi, na katika ukurasa wa kwanza nikaweka sentensi niliyoipenda mno: kwamba mimi ni kilembwe wa mmoja wa wapiganaji waliosimama na Mbaruk ndani ya boma la Mwele. Mhadhiri aliizungushia sentensi hiyo kalamu nyekundu na kuandika neno moja pembeni: "Umejuaje?"

Niliudhika. Muhula uliofuata karo ilikosekana, nikarudi nyumbani, na sikumjibu kamwe. Ile karatasi bado ninayo.

Sasa, Mwele si jina utakaloliona kwenye daftari la shule. Mimi nilikariri Wanandi, nikakariri Wabukusu, nikakariri Mekatilili na Agiriama wa 1913 na 1914, nikapita mtihani. Lakini Waingereza walitangaza himaya yao ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 1895, walipoipokea nchi kutoka kwa ile kampuni yao ya biashara, na kufikia katikati ya Agosti mwaka huohuo tayari wanajeshi wao wa majini walikuwa wakikwea milima ya Kwale wakifuata mtu. Himaya haikuwa imefikisha miezi miwili. Hata reli ilikuwa haijaanza. Vita vile vya mwanzo kabisa vilipiganwa juu ya mashamba yetu, na watoto wa Msambweni hukua wakidhani historia ni kitu kilichotokea Nandi.

Tuliondoka alfajiri. Ukienda kaskazini kwa barabara ya lami, milima inakuwa mkono wa kushoto, mbali kidogo, kama ukuta mrefu wa kijani uliolala chali. Nasema milima kwa sababu ndivyo tunavyoiita. Mtu wa Taita atacheka, na mtu wa Nyeri ndiyo usimwambie kabisa, kwa kuwa kilele cha Shimba hakifiki hata mita mia tano. Lakini sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Kwetu kitu chochote kinachofanya masikio yazibe ni mlima.

Tukapita Gazi kabla jua halijachomoza. Siku hizi Gazi ukiitaja watu wanakumbuka mikoko, ile njia ya mbao ya akina mama inayokatiza ndani ya mikoko, na mradi wa Mikoko Pamoja unaouza hewa ya ukaa. Zamani ulikuwa mji wa mtu mmoja. Ili umwelewe huyo mtu inabidi urudi nyuma kidogo.

Wamazrui waliitawala Mombasa karibu karne nzima, kwanza kwa jina la Oman, baadaye kwa jina lao wenyewe, hadi mwaka 1837 Sayyid Said alipoutia mji mkononi. Viongozi wao walikamatwa kwa hila, wakapakiwa kwenye jahazi, wakapelekwa kufungwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa ukoo huo. Alimwacha mtoto mdogo aliyeitwa Mbaruk. Waliosalia waligawanyika, wengine wakakaa Takaungu, kaskazini ya Mombasa, wengine wakaja huku kusini, Gazi. Mbaruk akakulia na kuzeekea katika kisa hicho kimoja: baba yake aliibiwa mji. Aligombana na masultani wa Unguja mmoja baada ya mwingine, akipatana nao leo na kuwaasi kesho. Na kila alipozidiwa pwani alifanya jambo lilelile. Alipanda milimani, Mwele, kwenye ngome yake ya miti katikati ya msitu, akangoja walio chini wachoke.

Mara nyingi walichoka. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa akiongoza jeshi lake, amfuate hukohuko juu. Likumbuke jina la Mathews, atarudi.

Nieleweke vizuri. Mbaruk hakuwa akipigania uhuru wa mtu wa Kwale. Mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa, na Wadigo na Waduruma wa vijiji vya jirani walijua vyema gharama ya kuishi karibu na bwana mwenye bunduki nyingi. Wengine walimfuata, wengine walimkimbia, na naamini wengi walifanya yote mawili kwa nyakati tofauti. Chuoni sikutaka kuyaandika haya. Nilitaka shujaa, na nilitaka awe na uhusiano na sisi.

Kombani tuliiacha lami ya Lunga Lunga na kuanza kupanda. Lami ipo mpaka Kwale, lakini injini ya Probox inakwambia kabla ya macho. Mjomba akarudi gia ya tatu, kisha ya pili. Minazi ikapungua, miembe ikaongezeka, na hewa ikabadilika ghafla kama mtu aliyefungua mlango wa duka lenye barafu. Mji wa Kwale tuliukuta ndani ya ukungu. Mjomba alisimama kununua mahamri na chai, akaniuliza kwa mara ya tatu kama nina hakika na hili jambo langu.

Geti kuu liko mbele kidogo ya mji. Askari wa wanyama alituangalia sisi, akaliangalia gari, akayaangalia magunia matupu kwenye buti, akauliza tunakwenda kutazama nini. Nikasema palahala. Ni jibu zuri siku zote, kwa sababu Kenya nzima palahala wamebaki hapa Shimba peke yake. Nikalipa kwa simu, tukaambiwa tusishuke garini ovyo, tukaingia.

Hapo lami inabaki kuwa hadithi. Barabara ni udongo mwekundu uliomwagiwa changarawe, mahali pengine changarawe imeshachukuliwa na mvua na kubaki mifereji miwili ya magurudumu na kichuguu cha majani katikati kinachokwangua chini ya gari. Mwanzoni unapita uwanda wa nyasi, wazi, mawimbi ya vilima vidogo na ukungu umekaa mabondeni kama maziwa. Halafu bila taarifa barabara inajitupa msituni na kunakuwa giza. Miti imekutana juu. Mivule, mibambakofi, misandarusi ambayo utomvu wake mgumu, sandarusi, ulikuwa bidhaa ya kupeleka ng'ambo zamani hizo. Mjomba akazima redio mwenyewe, sikumwambia. Tulikwenda gia ya kwanza na ya pili muda mrefu, vioo vikiwa chini, tukisikia changarawe inavyosagika na mbega wanavyotukemea huko juu.

Kuna kona moja tulikuta kinyesi cha ndovu katikati ya njia, kingali na moshi. Mjomba akasimamisha gari, akazima injini, akasikiliza. Mimi sikusikia kitu. Yeye alisikiliza kwa dakika nzima, kisha akawasha na kuondoka polepole sana, mkono mmoja kwenye gia tayari kwa kurudi nyuma.

"Unajua 2005 waliwahamisha mia na hamsini?" akasema. "Kwa malori. Wakawapeleka Tsavo."

Najua. Msitu ulikuwa umewajaa, wanatoka usiku wanamaliza mashamba ya watu. Leo uzio wa umeme umeuzunguka msitu sehemu kubwa, na upande wa kaskazini kuna hifadhi ya Mwaluganje iliyofunguliwa miaka ya tisini kwenye ardhi za wanakijiji wenyewe, ili ndovu wapate pa kupita na wenye mashamba wapate chochote. Lakini fikiria hilo la malori: ndovu mmoja kwenye lori moja, kwenye barabara kama hii, kona kama hizi, na usiku unaingia. Mjomba alipunguza mwendo kila tuliposogelea kichaka kinene, nami nikafanya hesabu yangu ya siku zote, ya Agosti 1895.

Mwaka ule ugomvi ulianzia Takaungu. Sheikh wa huko alifariki, na Waingereza wakamkubali mrithi waliyemtaka wao, si aliyejiona ana haki. Aliyenyimwa naye aliitwa Mbaruk (majina ya ukoo huu yamewachosha wengi kabla yangu) na akaingia vitani. Mbaruk wa Gazi, ambaye alikuwa mzee tayari na angeweza kukaa kimya, akawapokea waasi. Pengine alikumbuka Bandar Abbas. Pengine aliona tu kwamba mabwana wapya hawatamwachia nafasi ile aliyozoea kuachiwa na masultani, ya kuasi kidogo na kusamehewa kidogo.

Waingereza walimtuma amirali. Harry Rawson, mkuu wa manowari zao za upande huu wa Afrika, aliteremsha mabaharia na askari wake wa majini, akaongezewa askari wa Kisudani na wa Unguja, na akapanda nao kutafuta Mwele. Lloyd Mathews alikuwemo, sasa Jenerali Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, akirudi kwenye msitu uleule baada ya miaka 13. Tarehe 17 Agosti waliivamia ngome na kuiteka. Mathews alipigwa risasi ya bega. Ngome iliteketezwa. Mbaruk hakuwemo mikononi mwa mtu, alishapotelea msituni, na aliwasumbua miezi minane mingine hadi ikabidi waletewe kikosi kutoka India mwezi Machi 1896. Aprili alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam na kufia hukohuko mwaka 1910, mtu wa Gazi aliyekwisha kuwa mgeni wa watu.

Na Rawson? Mwaka mmoja na siku chache baada ya Mwele, tarehe 27 Agosti 1896, ni yeye aliyekuwa mbele ya Unguja na manowari zake, akaipiga kasri ya Sultani kwa dakika zisizofika arubaini, vile vita ambavyo watu hupenda kuvitaja kama kichekesho, vifupi kuliko vyote duniani. Februari 1897 akawa Afrika Magharibi, Benin, akauteka mji, na ile michongo ya shaba ya kasri ya Benin ambayo Nigeria inaidai mpaka leo ikachukuliwa na kutawanywa kwenye makumbusho ya Ulaya. Mtu mmoja, miezi kumi na minane. Alianza na kwetu. Unguja wana dakika zao, Benin wana shaba zao. Mwele imebaki maandishi madogo yaliyochongwa kwenye ukingo wa medali za askari wale, jina na mwaka, ambazo hadi leo hununuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Nilimsimulia mjomba haya yote tukiwa Giriama Point, pale ambapo msitu unakatika na unaweza kuona nchi yote ya chini hadi bahari. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Diani yote ilikuwa mstari mweupe mwembamba. Nikamwonyesha kwamba Mwele iko nyuma yetu, upande wa magharibi, kilima kinachoitwa Mwele Mdogo na msitu wake, hakuna barabara ya gari kama yetu ya kutufikisha. Nikamwambia kwamba kutoka mahali kama hapa watu wa Mbaruk wangeweza kuona manowari zikiingia. Nikasema, na babu alikuwa nao.

Mjomba alikuwa anakula hamri lake la mwisho. Akalimaliza kwanza.

"Nani kakwambia alikuwa nao?"

Nikasema bibi. Akatikisa kichwa.

"Mimi nimeambiwa na babu yangu mimi, na huyo ndiye alikuwa mwanawe hasa. Baba yake alikuwa mpagazi. Alibebea Wazungu. Sanduku kichwani, kutoka chini mpaka Mwele, na kurudi."

Sikusema kitu. Sijui nilitarajia nini kwenye Probox ya machungwa, lakini si hicho. Yeye akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kueleza bei ya tairi. Kwamba yule babu alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Kwamba aliyemchukua alikuwa mtu wa pwani aliyekuwa akikusanya wabebaji. Kwamba njia ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, huwezi kupishana, na aliyekuwa mbele akisimama wote mnasimama, mzigo ukiwa kichwani. Kwamba risasi zilipoanza wapagazi walitupa mizigo na kulala, na yeye alilala nyuma ya sanduku lake bila kujua lina nini ndani, na baadaye akaambiwa ni risasi.

"Akicheka sana akilisimulia hilo," mjomba alisema. "Babu yangu mimi hakucheka."

Tukarudi garini. Kutoka hapo barabara inateremka na kupanda, inaingia msituni na kutoka, na mimi sikuuona vizuri msitu kwa muda. Nilikuwa nasoma karatasi yangu kichwani. Katika vitabu na makala zote nilizosoma kuhusu Mwele, na si nyingi, wapagazi wapo. Wapo kwa wingi, kwa mamia, maana mabaharia hawabebi chakula chao wala maji yao wala mzinga wao kupanda mlima. Wapo kama idadi. Niliipita idadi hiyo mara ngapi, nikimtafuta babu yetu kwenye upande wa pili wa ukuta? Nilikuwa namtafuta kati ya watu walioandikwa majina. Hata kama angekuwemo ndani ya boma, jina lake lisingekuwepo vilevile. Lakini sikuwahi kumtafuta chini ya sanduku.

Na nikisema kweli, kilichonichoma si kwamba alibebea Wazungu. Ni kwamba "Umejuaje" lilikuwa swali halali, na mimi niliona kalamu nyekundu tu.

Njia yenyewe, hii ya gari, si njia yake. Tusidanganyane kwa kupenda mambo yakae vizuri. Vijia vya 1895 vimemezwa. Msitu huu uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1903, wakati mkubwa wa Mwele hata haujasahaulika, na watu hawakuruhusiwa tena kukata wala kulima humo. Makao ya wilaya yakaja kukaa juu, Kwale, badala ya kule pwani. Maji ya chemchemi ya Marere yakatiwa mabomba na kuteremshwa Mombasa, yakanywewa mjini enzi zote za Waingereza na baada yao. Mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Barabara tuliyopita ni ya watu wa misitu na watu wa wanyama, wamechonga kingo za vilima ili gari liende, na maporomoko tuliyoyaacha kushoto yanaitwa Sheldrick. Lakini kuna jina jingine humo ndani, Longo Magandi, ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo, mkubwa kuliko mbuga kwa umri. Hao wenye kaya zamani walikuwa wanajua vijia vyote. Nadhani wapagazi waliongozwa na mtu wa aina hiyo. Nadhani tu.

Karibu na Kidongo tulikuta mti umelala njiani, umesukumwa na ndovu usiku, mizizi juu. Si mkubwa. Mjomba alishuka kinyume cha amri, nami nikashuka, tukausukuma upande mmoja ukagoma, tukavunja matawi, tukapata nafasi ya kupitisha magurudumu mawili kwenye majani na mawili barabarani. Gari liliinama hadi nikashika mlango. Mjomba akasema bismillahi na kukanyaga mafuta. Tukapita. Nyuma yetu changarawe ziliporomoka bondeni na kuendelea kuporomoka muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Nje ya geti la Kidongo ulimwengu mwingine. Huku ni Shimba Hills ya mashamba, iliyofunguliwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 kuwapa ardhi Wakamba waliokosa ardhi kwao Ukambani. Walipewa msitu na kuambiwa wafyeke. Wajukuu wao ndio wenye machungwa. Mzee tunayenunua kwake alitukaribisha kwa Kikamba kidogo na Kidigo kingi, na mjomba akamjibu vivyo hivyo, wakaanza kubishana bei ambayo wote wanaijua. Nilibeba magunia. Saba. La tano ndilo lililonivunja shingo, nikaweka chini, mjomba akanitazama bila kusema na mimi nikaliinua tena kabla hajafungua mdomo.

Tuliteremka pwani kwa njia yake fupi, kupitia upande wa Maumba na Nguluku, ambako kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Watu wa huko walihamishwa, makaburi pia. Mto Mkurumudzi, unaotoka kulekule msituni tulikotoka, ukawekewa bwawa. Mjomba alionyesha kwa kidevu mahali palipokuwa na shamba la rafiki yake. Hatukusimama.

Jioni nilimkuta bibi amekaa uwani, anachambua mchicha. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Nikamwambia mjomba kasema babu yake alikuwa mpagazi wa Wazungu. Nilisema kwa uangalifu, kama mtu anayepeleka habari za msiba.

"Ndiyo," bibi akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia alienda Mwele. Alienda na nani, hilo ulilisema wewe."

Nikanyamaza. Ni kweli. Nilijaribu kukumbuka siku hata moja aliyosema jina la Mbaruk na sikuipata. Nikamuuliza kama alilipwa. Akaacha mchicha, akanitazama kwa mshangao, kama kwamba swali hilo ndilo la kijinga kuliko yote.

"Sasa minazi hii unadhani ilinunuliwa na nini?"

Nyuma ya nyumba yetu kuna minazi. Ya kwanza ilishakufa, hii ni watoto wa watoto wake. Alilipwa rupia, bibi alisema, na kipande cha merikani. Kitambaa alimpa mamake. Kwa rupia alinunua minazi sita kwa mtu wa Gazi aliyekuwa anahama, mmoja wa watu wa Mbaruk, aliuza kwa haraka maana alikuwa anamfuata bwana wake mpakani. Minazi sita na kiwanja chini yake. Ndipo tulipo.

"Na aliyeuza aliitwa nani?" nikauliza.

Bibi alirudi kwenye mchicha wake. Jina analijua, alisema, na ukoo wake anaujua, wako Tanga. Ila nisiliandike, kwa sababu kila miaka kadhaa huja mmoja wao kutazama minazi, anapewa chai na dafu, halafu anaondoka.